Mtu Hawezi Kukosa Kuona Tuta la Saba

Vijana mnaoingia mashambani na vishikwambi, nawasalimu. Nimewaona mkipita mtaani kwetu Izia na fulana zenu za rangi moja. Mnasema shikamoo, tunaitika marahaba, na kabla hatujamaliza kuitika mmeshauliza umri wetu na idadi ya kuku. Enzi zetu tulianza kwa kuuliza habari za mahindi. Mahindi yakishazungumzwa vizuri, hata kuku wanahesabika bila ugomvi.

Miaka yangu mingi nilikuwa msaidizi wa watafiti hapa Sumbawanga. Mgeni akija kuichunguza Ufipa, alielekezwa kwangu. Niliongoza njia, nilitafsiri Kifipa, nilibeba sanduku la karatasi, na zaidi ya yote nilihesabu. Nimehesabu matanuru ya zamani ya kuyeyushia chuma, vyungu, madaraja, hata watu waliosinzia kwenye misa ya pili, kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa akiandika kuhusu usingizi. Alitaka nitenganishe waliofumba macho kwa sala na waliofumba kwa uchovu. Nilitumia kigezo cha mdomo: ukiwa wazi, niliandika uchovu.

Lakini leo nataka kuwaeleza kuhusu msemo mmoja wa Kiingereza mtakaoukuta kwenye vitabu vya wanachuoni wa zamani, kwa sababu mwaka huu msemo huo ulibakiza siku chache tu umkoseshe jirani yangu, Mama Skolastika, msimu mzima wa ulezi. Na aliyesababisha uandikwe ni mimi.

Msemo wenyewe ni one cannot fail to observe. Sisi tuliutafsiri hivi: mtu hawezi kukosa kuona. Wanachuoni wa zamani waliupenda kama watu wanavyopenda chumvi. Ukifungua kitabu, mtu hawezi kukosa kuona kwamba wenyeji ni wapole. Ukurasa unaofuata, mtu hawezi kukosa kuona kwamba wenyeji ni wakaidi. Mtu huyo ni nani, alisimama wapi, ilikuwa masika au kiangazi, hakuna anayekuambia.

Niliwahi kuujaribu. Kitabu kimoja kilisema kwamba kutoka kilima fulani upande wa Matai mtu hawezi kukosa kuona ziwa. Nikawapeleka wageni watatu. Tuliona ukungu. Tukasubiri, tukaona ukungu mwingine. Mgeni mmoja akapanda juu ya paa la gari, akasema anahisi ziwa. Mzee aliyekuwa akipalilia hapo chini akatuuliza tunatafuta nini. Nikamwambia.

"Ziwa liko Kasanga," alisema. "Na barabara ya Kasanga ile pale."

"Kitabu kinasema linaonekana kutoka hapa."

"Basi mwambieni mwenye kitabu aje atuoneshe. Mimi nimezaliwa hapa."

Tangu siku hiyo nina kanuni, nanyi ichukueni bure: mwandishi akisema imeonekana, tafuta nani aliona. Akisema mtu hawezi kukosa kuona, washa gari uende mwenyewe, kwa sababu hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeona ni mtu mmoja tu, tena mara moja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Profesa mmoja mgeni, mtu mrefu, mpole, aliyevaa soksi mbili mbili. Jina lake nitaliacha, maana amekwisha kufa na hawezi kunijibu. Nilipoanza naye nilikuwa kijana mwembamba aliyemaliza shule na kurudi nyumbani bila mpango. Siku ya kwanza nilimwandikia taarifa: "Nimeona wanawake sita wanapalilia." Akaikata kwa kalamu.

"Pius, mwanachuoni hajitaji. Ukisema nimeona, msomaji atauliza wewe ni nani."

"Mimi ni Pius, Profesa."

"Ndiyo shida yenyewe."

Basi nikajifunza kujificha. Nikaandika imeonekana, imebainika, mtu hawezi kukosa kuona. Nilikuwa na fahari, nawaambieni. Jumamosi nilikwenda mtaa wa Majengo na kalamu mbili mfukoni, na watu walinipisha dukani.

Sasa, matuta. Ninyi wa mjini huenda mnayapita tu. Mfipa halimi kwa kuchoma majani. Mvua zinapokaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini, anaigeuza nyasi pamoja na udongo wake na kuirundika kuwa tuta la duara, kama chungu kilichofunikwa. Tunaliita intumba. Juu yake hupandwa maharage. Ndani yake nyasi huoza taratibu kiangazi chote, na mvua mpya zinapokaribia, tuta huvunjwa, mbolea ile husambazwa, na ulezi husiwa. Kuvunja ndiyo kazi yenyewe. Tuta lisilovunjwa kwa wakati ni sawa na sufuria ya ugali iliyoachwa jikoni mpaka ikaharibika, na watoto wamelala njaa.

Jambo jingine la kujua: hukai juu ya tuta la mtu. Kuna mbegu pale. Kumkalia mtu tuta ni kama kuingia nyumbani kwake na kukaa juu ya meza ya chakula. Kila mtoto wa Ufipa anajua.

Profesa alikuja kuchunguza matuta hayo kwenye shamba la mzee mmoja pembezoni mwa Izia, baba mkwe wa huyu Mama Skolastika. Mzee alikuwa mkali, na fimbo yake ilikuwa na jina. Profesa akanipa maagizo: nihesabu matuta yote, na kila tuta la saba nilipime kimo na upana, nilichore, niandike. Yeye mwenyewe akashikwa na malaria, akalala siku tano kwenye nyumba ya wageni mjini.

Nikaenda peke yangu. Udongo ulikuwa umelowa, suruali yangu ilikuwa moja, na daftari lilikuwa kubwa, la kuandikia ukiwa umelipakata. Ningeandikia wapi? Nilifika tuta la saba, nikalipima. Nikatazama kushoto na kulia. Mzee hakuwepo. Nikakaa juu yake, nikachomeka chupa ya chai kwenye udongo upande wa kulia isianguke, nikaandika. Kisha nikainuka, nikahesabu sita, na la saba nikalipima, nikalikalia. Kwa siku tano. Shamba zima.

Siku ya sita Profesa akapona. Alifika shambani akitembea polepole, akasimama. Akainama. Akaenda mbele, akainama tena. Nikaona soksi zake zinatetemeka.

"Pius! Kila tuta la saba!"

Akachutama mbele ya tuta, akanyoosha kidole.

"Mabakuli mawili, yamekaa sambamba. Na hapa upande wa kulia, tundu la mviringo. Unaona?"

"Naona, Profesa."

"Wameyachimba makusudi?"

Vijana, hapo ndipo penyewe. Mzee mwenye shamba alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu, na fimbo yake. Kama ningesema ni mimi, ningechapwa mbele ya mgeni, kisha ningefukuzwa kazi nikiwa bado najikuna. Na Profesa alikuwa ametoka kuumwa, anacheka kama mtoto. Nikasema, "Ndiyo, Profesa."

"Ni kwa ajili ya nini?"

"Ni ya zamani," nikajibu, maana hilo ndilo jibu nililoona linawaridhisha wageni siku zote.

Mzee naye aliulizwa, kupitia kwangu. Nilimtafsiria swali hivi: mgeni anauliza kama shamba hili ni la babu zako. Akasema ndiyo, kwa mkazo. Profesa akaandika kwamba mwenye shamba amethibitisha.

Kitabu kilipotoka, nilitumiwa nakala. Kilisema hivi: kwenye mashamba ya Izia, mtu hawezi kukosa kuona kwamba kila tuta la saba limechongwa mabakuli mawili ya sadaka na tundu moja, bila shaka la kumiminia pombe ya mizimu. Kulikuwa na mchoro, umechorwa vizuri sana. Nilijitambua.

Mkitaka kujua jinsi elimu inavyosafiri, fuateni makalio yangu. Kitabu cha pili, cha mtu ambaye hakuwahi kufika hapa, kilisema imekwisha kuonekana. Cha tatu kilisema inafahamika vyema. Kisha akaja mtafiti mwenyewe, dada mchapakazi, nikampeleka Izia, akakagua matuta siku nzima na hakukuta bakuli hata moja, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimenunua kigoda. Akaandika kwamba desturi hiyo inatoweka kwa kasi, na akailaumu redio. Aliponisomea maneno hayo, nilikunja uso kwa huzuni. Nilisema pia kwamba inasikitisha.

Nikastaafu. Watu wakaniita Profesa wa Izia, nami niliitika. Nilidhani mambo yamekwisha.

Mwaka huu ikaundwa kamati ndogo ya urithi pale mtaani. Katibu wake ni Deo, kijana msomi, mwembamba, mwenye heshima, anayetembea na mkoba wa karatasi hata akienda kununua vocha. Deo alikikuta kile kitabu kwenye mtandao. Akaja kwangu amejaa furaha.

"Shikamoo, Mzee Pius."

"Marahaba, baba. Habari za mahindi?"

"Mzee, kumbe tuna mabakuli ya sadaka!"

Nilimwambia vitabu vina mambo mengi. Alidhani ni unyenyekevu wangu tu. Wiki iliyofuata, kamati iliweka ubao kwenye shamba la Mama Skolastika: ENEO LA URITHI, MATUTA YASIVUNJWE. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa. Mama Skolastika, mjane, ana wajukuu wanne anaowalea, na chakula chao cha mwaka kimo humo ndani ya yale matuta, kinangoja jembe.

Alikuja kwangu amebeba jembe begani.

"Shemeji, wewe ndiye uliyesoma. Niambie hayo mabakuli yako wapi. Nimelima shamba lile tangu nilipoolewa."

"Kitabu kinasema mtu hawezi kukosa kuyaona."

"Mimi nimekosa. Mume wangu alikosa. Baba mkwe alikosa, na yule mzee alikuwa anaona hata mtu aliyemwibia boga moja. Sisi siyo watu?"

Nikamsogezea kigoda. Aliendelea kusimama.

"Mvua ikinikuta sijavunja, watoto watakula huo ubao?"

Aliondoka bila kuaga, na Mama Skolastika ni mtu wa kuaga mpaka mbuzi. Nikakaa nikitazama ile nakala ya kitabu kwenye kabati. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa mle. Nikisema ukweli, nitakuwa mzee aliyeudanganya ulimwengu kwa makalio. Nisiposema, wale wajukuu wanne watalala njaa kwa sababu hiyohiyo. Nilinywa chai, nikavaa koti.

Kamati ilikutana shambani Jumatatu asubuhi. Alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, alikuwepo Deo na mkoba wake, na Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani na sasa ni mjumbe. Nikasimama mbele yao.

"Yale mabakuli," nilisema, "ni mimi. Nilikaa."

Mwenyekiti akatazama matuta, kisha akanitazama mimi.

"Ulikaa wapi, Mzee?" aliuliza mwenyekiti.

"Juu ya kila tuta la saba. Nilikuwa naandika."

"Na tundu la pombe ya mizimu?"

"Chupa ya chai."

Masanja akapiga paja. "Afadhali! Nilijua wataishia kwa ng'ombe wangu. Kwenye mtaa huu kikibonyea kitu chochote, wanaulizwa ng'ombe wa Masanja."

Deo hakucheka. Alifungua mkoba. "Mzee Pius, kwa heshima zote, kitabu kimetajwa na vitabu vingine vitatu. Ushahidi wako ni wa mdomo tu."

Mnaona? Nilikuwa nimemfundisha Deo huyo alipokuwa sekondari: usiamini mtu, amini kilichoandikwa. Nikavuna nilipokaa.

"Basi akae," alisema Mama Skolastika. "Mchoro si upo? Akae tuone."

Nikakaa. Lakini ilikuwa mwisho wa kiangazi, na tuta lilikuwa gumu kama mgongo wa kiboko. Nikainuka. Hakukuwa na alama yoyote, isipokuwa kwangu mimi.

"Hakuna kinachoonekana," Deo alisema, akaandika.

"Weka kalamu chini, mwanangu," alisema Mama Skolastika. "Yeye alikalia udongo wa masika. Unampima kwa udongo wa kiangazi?" Akaita wajukuu, wakaleta ndoo tatu za maji, wakamwagilia lile tuta mpaka likalainika kama wakati ule. Nikarudi kukaa. Nikazama. Nikachomeka chupa ya chai upande wa kulia. Ilichukua watu wawili kuniinua, Masanja akinivuta kama ndama.

Wote wakainama. Mabakuli mawili, sambamba. Tundu moja, kulia. Mwenyekiti akavua kofia, sijui kwa nini.

Deo akatoa tepu, akapima, akatikisa kichwa. "Kitabu kinataja upana wa sentimita thelathini na tano. Hapa ni karibu hamsini na tano. Vipimo havilingani. Nasikitika."

"Watu hunenepa," Mama Skolastika alimwambia. "Kitabu ndicho hakinenepi. Alikuwa kijana mwembamba, kama wewe."

Kila mtu akamtazama Deo. Deo akatazama suruali yake, ya kijivu, iliyopigwa pasi.

"Mimi ni katibu," alisema.

"Katibu hakai?" aliuliza Masanja.

Vijana, pamoja na haya yote nilimheshimu yule kijana. Angeweza kukataa, lakini alitaka kujua. Akampa mwenyekiti mkoba, akaenda kwenye tuta la pili ambalo wajukuu walishalimwagia maji bila kuambiwa, akakaa taratibu, akapakata karatasi kama nilivyomwelekeza, akachomeka chupa yangu ya chai. Akainua macho, akatazama mbele. Nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu ukikaa hivyo unaona shamba lote, unaona mstari mzima wa matuta, na unakuwa na raha sana ya kuandika.

Akainuka. Mwenyekiti akapima mwenyewe. Sentimita thelathini na tano. Akapima tundu. Akalinganisha na mchoro, akaugeuza mchoro, akalinganisha tena.

"Ni sadaka ya Deo," alisema Masanja.

Deo alikuwa na tope mpaka kiunoni. Akauchukua mkoba wake, akatafuta kalamu. Nikamwambia, "Baba, mara hii andika majina. Andika Pius alikaa, andika Deo alikaa, na andika ni siku gani na udongo ulikuwaje." Aliandika yote, nusu ukurasa, kisha akanipa nisome. Ilikuwa taarifa bora kuliko zote nilizowahi kuandika mimi. Nawaambia hili siyo kwa unyenyekevu. Nilikagua.

Ubao uling'olewa na Masanja kwa mkono mmoja. Mama Skolastika hakunishukuru, na sikutegemea anishukuru. Alinipa jembe.

Tulivunja matuta yale kwa siku mbili, majirani kama kumi na tano, na pombe ya ulezi ikizunguka kwenye kata ya kibuyu. Kazi yangu ilikuwa kuokota mizizi nyuma ya akina mama, kazi ya watoto, na nilipotaka kupumzika walinikumbusha nisikae. Watu waliopita njiani waliuliza, "Profesa, leo unachunguza nini?" Nikawaambia mizizi. Ndani ya matuta nyasi ilikuwa imeoza vizuri, nyeusi, inanukia, na ilisambaa mkononi kama unga.

Jumatano mchana yalibaki yale mawili tuliyoyakalia. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye shingo yangu. Deo akaja mbio, simu mkononi.

"Mama, shikamoo! Naomba tuyaache haya mawili. Kwa kumbukumbu tu."

"Marahaba. Piga picha, mwanangu, lakini upesi."

Deo akapiga goti. Akasogea kushoto apate mwanga. Akafuta kioo cha simu kwa shati. Akasogea tena, akainamisha kichwa, akatafuta pembe nzuri zaidi. Alipokuja kuinua simu, pale palikuwa na udongo mweusi uliosambazwa, na Mama Skolastika alikuwa ameshapita, anasia ulezi.